Saa ya Anayemaliza Mwisho

Kizazi changu kiliikuta kompyuta ikiwa moja na watu wakiwa wengi. Kizazi chenu, vijana wetu, kimezikuta kompyuta nyingi, na kazi moja inakatwa vipande ili zote zishiriki kuifanya. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya kasi au ya umbo la mashine, nami nimeona niiandike wakati kumbukumbu bado inanitii na wenzangu wachache waliobaki bado wanaweza kunisahihisha. Naandika nikiwa Oldeani, chini ya mlima uliokipa kijiji chetu jina, mahali nilipozaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la kahawa na nilikorudi baada ya kustaafu. Wapo wanaoshangaa mzee wa huku kuzungumzia ugawaji wa mzigo kwenye kompyuta. Baba zetu walikuwa vibarua, lakini walitupeleka shule, na kutoka kwenye kambi zile walitoka walimu, waganga na makarani, na wachache wetu tukawa opereta wa mashine ambazo wazazi wetu hawakupata kuziona hata kwenye picha.

Serikali ya Tanzania ilifunga kompyuta yake ya kwanza, ICT 1500 ya kampuni ya Uingereza, katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni isipokuwa kwa kibali maalumu. Vijana wengi wakisikia habari hiyo hucheka. Mimi siwacheki waliofanya uamuzi ule, kwani fedha za kigeni zilikuwa haba, bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla mwaka uliotangulia, na nchi ilikuwa na mengi ya kununua kabla ya mashine za hesabu. Ila kwetu tuliokuwa ndani ya vyumba vya baridi vya mashine, matokeo yake yalikuwa wazi. Mashine tuliyokuwa nayo ndiyo hiyohiyo, hakuna nyingine iliyokuwa njiani, na kila mwaka idara zilizotaka kuitumia ziliongezeka. Kipuri kikiharibika tulingoja miezi. Umeme ukikatika katikati ya kazi ndefu tulianza upya, usiku uleule, bila kunung'unika mbele ya wateja. Kwa hiyo tulijifunza kuigawa mashine moja kwa watu wengi, tukajifunza kwa ukali ambao sidhani kama shule yoyote ingeweza kutufundisha.

Kazi ilitufikia ikiwa kadi za karatasi ngumu zenye matundu, zimepangwa kwenye trei ndefu, na ole wake aliyeziangusha. Karani wa idara alizileta mwenyewe, akatia saini kwenye daftari la zamu, kisha akakaa kwenye benchi la korido. Daftari lile lilikuwa na safu za saa: kazi imepokelewa saa ngapi, imeanza saa ngapi, imemalizika saa ngapi. Mwishoni kulikuwa na safu pana ya maelezo, ambamo tuliandika kama tepu ilikwama au umeme ulikatika. Msimamizi wetu alikuwa mtu mkali na mwadilifu. Hakumruhusu opereta yeyote kuondoka asubuhi kabla hajakokotoa, kwa kila kazi, muda uliopita kati ya kupokelewa na kuanza, na kuijumlisha safu nzima. Alitaka kwanza kujua watu wamesubiri kiasi gani. Mashine imefanya kazi kiasi gani lilikuwa swali lake la pili, kwa sababu alijua kwamba mashine isiyopumzika hata dakika moja inaweza kuwa inawatesa wengi walioko kwenye benchi.

Hesabu ya jambo hilo ilikwisha kuandikwa zamani. Agner Krarup Erlang, Mdenmark aliyeajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1909 kazi yake ya kwanza juu ya simu zinazoingia bila mpangilio. Waliomfuata waliiendeleza, na kwa mashine moja inayopokea kazi zinazokuja kwa nasibu na zenye urefu wa nasibu, jibu lake ni rahisi kulikumbuka. Kama kazi ya wastani huchukua dakika 1, na mashine inashughulika nusu ya muda wake, basi kazi itakaa kwa wastani dakika 2 tangu kufika hadi kutoka. Mashine ikishughulika kwa asilimia 80, zinakuwa dakika 5. Ikifika asilimia 90 ni dakika 10, na ikifika 95 ni dakika 20. Utazameni vizuri mwendo wa namba hizo. Kati ya 90 na 95 mmeongeza kazi kidogo sana, na mmemwongezea anayesubiri maradufu. Nawasikia vijana wakisema kwa fahari kwamba seva zao zinatumika kwa asilimia 95, kana kwamba hiyo peke yake ni alama ya usimamizi bora. Sisi tungeona haya kumpelekea msimamizi wetu namba hiyo bila safu ya kusubiri kando yake.

Kwa kuwa mashine ilikuwa moja, kanuni yetu ilikuwa kutanguliza kazi fupi. Kazi ya dakika 3 ikipita mbele ya kazi ya saa 2, mwenye kazi ndefu amechelewa dakika 3 tu, na mwenye kazi fupi ameokoa saa 2, hivyo jumla ya kusubiri inashuka. Kazi ndefu, na juu ya zote mishahara ya mwisho wa mwezi, tuliziwekea usiku, tukazilinda zisisukumwe nyuma kila siku na vijikazi vipya. Nyinyi mnaofanya kazi kwenye klasta, yaani kundi la kompyuta zilizounganishwa zikatumika kama moja, mkiirithi kanuni yetu jinsi ilivyo mtaumia. Chukueni kazi 5: nne za saa 1 kila moja, na moja ya saa 4. Zigaweni kwa mashine 2. Mkitanguliza fupi, kila mashine itafanya mbili na saa 2 zitapita, kisha moja itaianza ile ya saa 4 huku ya pili ikikaa bure. Mtamaliza baada ya saa 6. Mkitanguliza ndefu, mashine moja itaishika kwa saa 4, nyingine itazimaliza zile fupi katika muda huohuo, na mtafunga ofisi saa 2 mapema. Ronald Graham, mwanahisabati wa Bell Labs nchini Marekani, alilithibitisha jambo hili katika maandishi yake ya mwaka 1966 na 1969. Mgawaji anayeipa mashine iliyo wazi kazi yoyote inayofuata hatafikia maradufu ya muda bora kabisa unaowezekana, na akianza na kazi kubwa, hatauzidi muda huo bora kwa zaidi ya theluthi yake. Sisi hatukuihitaji hesabu hiyo, maana hatukuwa na mashine ya pili ya kukaa bure. Nyinyi mnaihitaji kila siku.

Wazazi wetu wangeielewa bila maandishi. Mashamba ya hapa yalianzishwa na walowezi, wengi wao Wajerumani, katika miaka ya 1920 na 1930, na watu walikuja kuchuma kutoka Mbulu, Singida na kwingineko. Walikuwapo manyapara wa aina mbili. Wa kwanza aligawa mistari ya mibuni asubuhi, kila mchumaji idadi sawa, kisha akakaa kivulini. Mistari ilikuwa sawa kwa kuhesabu, lakini mibuni ya bondeni ilibeba kuliko ile ya juu kwenye mawe, na mama mzee hakuwa na mikono ya msichana wa miaka 18. Ikifika saa nane mchana wengine walikuwa wamekalia madebe yao, wengine bado wamezama mistarini, na kahawa mbivu haitakiwi kulala bila kumenywa, kwa hiyo lori lilingoja mpaka debe la mwisho lipimwe. Nyapara wa pili alimpa kila mtu mstari mmoja tu, na aliyemaliza alikwenda kuchukua mwingine. Alitembea zaidi, na wachumaji walipoteza muda kidogo kwa kwenda na kurudi, lakini lori lake liliondoka jua likiwa juu.

Wataalamu wa klasta wameandika mengi juu ya manyapara hao wawili, kwa majina mengine, na mzozo wao haujaisha, kwa kuwa kila mmoja ana gharama yake. Lakini kipimo kinachowahukumu ni kilekile: saa ya anayemaliza mwisho. Tuseme mna mashine 8. Saba zimemaliza sehemu zao kwa dakika 50, ya nane kwa dakika 90. Wastani ni dakika 55, na mtu akionyeshwa wastani huo ataridhika. Kazi, hata hivyo, imechukua dakika 90. Gawanyeni 90 kwa 55, mtapata 1.64. Namba hiyo, mzigo wa aliyelemewa zaidi ukigawanywa kwa wastani, ingekuwa 1 kama ugawaji ungekuwa mkamilifu, na kila inapopanda juu ya 1 inawaambia kiasi cha nguvu mnachokipoteza. Hapa, katika kila dakika 100 za mashine mlizolipia umeme, karibu 39 zilikuwa za kungoja. Sijui namba nyingine nyepesi kama hiyo yenye ukweli mwingi kama huo, na inasikitisha kuona jinsi inavyokosekana kwenye ripoti.

Kijana mmoja wa ukoo wetu anafanya kazi Arusha, katika ofisi ambayo sina haja ya kuitaja, na yeye na wenzake waliniita nikaone jambo lililokuwa likiwasumbua. Walikuwa wakiendesha utabiri wa hali ya hewa kwa modeli iitwayo WRF, iliyotengenezwa Marekani na kutumika katika nchi nyingi, Tanzania ikiwemo. Modeli hiyo huigawa anga katika miraba, na kila mashine hupewa kipande chake cha ramani. Miraba ikiwa ya kilomita 3, desturi ni kusonga mbele kwa hatua za sekunde 18 hivi, kwa hiyo utabiri wa saa 24 huhitaji hatua 4,800. Katika kila hatua, mashine hupashana habari za mipakani, yaani joto, upepo na unyevu, na hakuna inayoweza kuingia hatua inayofuata kabla jirani yake hajaleta zake. Hapo ndipo kusubiri kunapozaana. Mashine moja ikichelewa kwa sehemu mbili za kumi za sekunde katika kila hatua, mwisho wa siku imewachelewesha wote dakika 16.

Sasa itazameni ardhi yetu kwa jicho la mashine hizo. Mlima Oldeani una zaidi ya mita 3,000. Unyevu unaotoka Bahari ya Hindi hupanda nyanda za juu za Ngorongoro na kumwaga mvua upande wa Karatu, kwenye misitu na mashamba ya kahawa. Ng'ambo ya mlima ardhi inaporomoka hadi bonde la Ziwa Eyasi, kwenye mita 1,000 hivi, ambako mvua ni ya kubahatisha. Mashine iliyopewa kipande chenye mlima inahesabu mawingu, matone yanayokua, barafu ya juu angani inayoyeyuka ikishuka. Mashine iliyopewa Eyasi siku ya jua kali inakuta mbingu nyeupe, na hesabu nyingi za mvua inazipita tu. Wote wamepewa kilomita za mraba sawasawa. Mmoja amepewa kazi, mwingine amepewa mapumziko. Na kesho mvua ikihamia Mbulu, aliyelemewa leo atapumzika. Vijana wale walilijua hilo, na walikuwa tayari wameandaa programu ya kuikata ramani upya ili kipande cha mlima kiwe kidogo. Ilikuwa kazi ya akili sana, na niliwapongeza kwa moyo wangu wote.

Lakini niliwaomba wauache mlima kwanza. Niliwaomba waipe kila mashine, ikiwa peke yake, kipande kilekile cha ramani na siku ileile ya utabiri, warudie mara kadhaa, na waandike muda kwenye karatasi. Kioo chao kilikuwa kikionyesha kila mashine inashughulika kwa asilimia 100, zote sawa, michoro ya kijani imejaa. Karatasi ikaonyesha lingine. Katika mashine zilizonunuliwa siku moja, za aina moja, zenye bei moja, ipo iliyochukua karibu maradufu ya muda wa pacha zake. Binti mmoja wa pale akaitoa kwenye kabati, akafungua mfuniko, na sote tukaona mapezi ya chuma ya kupozea yamezibwa na vumbi jekundu lililoshikamana likawa kama kipande cha blanketi. Feni ilikuwa inazunguka, ila hewa haikuwa na pa kupita. Prosesa za siku hizi zikipata joto kupita kiasi hupunguza mwendo zenyewe ili zisiungue. Kwa hiyo mashine ile ilikuwa kweli inashughulika kwa asilimia 100, kwa mwendo wa nusu. Binti yule alilitoa vumbi kwa brashi ya rangi na kipulizo, taratibu, pezi baada ya pezi, kisha wakapima tena, na muda wake ukarudi karibu na wa pacha zake. Baada ya hapo programu yao ya kukata ramani ikaanza kuleta faida waliyoitarajia, kwa sababu sasa ilikuwa inapambana na mlima peke yake.

Nimelieleza jambo hilo kwa urefu kwa kuwa ndani yake ndimo lilimo neno langu. Vitabu vingi vya ugawaji wa mzigo vimeandikwa mahali ambapo mashine 1,000 hununuliwa kwa mkupuo, hukaa kwenye chumba kisafi, na hutupwa pamoja baada ya miaka michache. Klasta za kwetu hazijengwi hivyo. Hata ile namna ya kujenga klasta kwa kompyuta za kawaida, waliyoianzisha Thomas Sterling na Donald Becker katika shirika la NASA mwaka 1994 kwa kompyuta 16 tu, ilidhania mashine zinazofanana. Ranger, mtambo mkubwa wa Chuo Kikuu cha Texas ulioanza kazi mwaka 2008 ukiwa na kompyuta 3,936 ndani yake, ulipozimwa mwaka 2013 sehemu zake zilisafirishwa hadi Afrika Kusini ili zigawiwe vyuo vya ukanda wetu. Nalisema kwa shukrani. Ila anayepokea kabati la miaka mitano na kuliunganisha na mashine za mwaka huu amepokea pia wajibu wa kujua kila moja inaweza nini, maana akigawa sawa kwa sawa, mashine mpya zitakwenda kwa mwendo wa ile kongwe kuliko zote. Mzigo wa haki ni ule unaolingana na uwezo uliopimwa, na uwezo wenyewe hubadilika kwa vumbi, kwa joto, na kwa umeme usiotulia.

Wapo waliotafuta dawa katika kuhamahama. Mwaka 2010 watafiti wa Brazil wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Illinois waliichukua modeli ya hali ya hewa iitwayo BRAMS, wakaikata ramani katika vipande vingi kuliko prosesa walizonazo, wakaruhusu vipande vihame kutoka kwa prosesa iliyolemewa kwenda kwa iliyo wazi. Njia hiyo ni nzuri na ina bei yake. Mraba wenye nukta 100 kwa 100 una mipaka yenye urefu wa nukta 400. Ukateni katika miraba 16 midogo, mipaka yote pamoja inakuwa 1,600, na kila mpaka ni mazungumzo kwenye waya. Mtandao ukiwa wa polepole, mtagawa haki na kuchelewa palepale. Ndiyo maana nawasihi mpime kabla ya kukata, na mpime tena baada ya kukata, kwa kazi ileile na siku ileile ya mvua.

Yako pia maisha mengine ya mzigo, ambayo yanamgusa hata asiyejua klasta ni kitu gani. Teremkeni Mang'ola, kwenye bonde la Eyasi, wakati wa vitunguu. Mnunuzi amekuja na lori, magunia yamehesabiwa, na anatuma fedha kwa simu. Mkulima ameshika simu yake mkononi, na gunia halipandi lori mpaka ujumbe uingie. Siku nyingi unaingia mara moja. Siku nyingine, hasa mwisho wa mwezi na karibu na sikukuu, dakika zinapita, mnunuzi anasema ametuma, mkulima anasema hajaona, na watu wawili wenye heshima zao wanatazamana kwa mashaka. Huduma hizo zimekua mbele ya macho yetu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, na mitambo yake ya Kenya ilikuwa Ujerumani hadi ilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Nyuma ya ujumbe mmoja kuna seva nyingi, na ombi moja hupita kwa kadhaa kati yake. Jeffrey Dean na Luiz Barroso wa Google walieleza mwaka 2013 hesabu ambayo kila kijana wa kazi hii anapaswa kuijua kwa kichwa. Seva inayochelewa mara 1 tu kati ya 100 inaonekana njema. Lakini ombi linalohitaji majibu ya seva 100 za namna hiyo kwa pamoja litachelewa mara 63 kati ya 100. Wastani wa kila seva haukubadilika hata kidogo, na mkulima amesubiri.

Kwa mzigo wa namna hiyo kizazi chenu kimepata hekima ambayo sisi hatukuwa nayo, na nawaonea fahari kwayo. Anayegawa maombi kwa zamu, moja kwa kila seva, hajali nani amelemewa. Anayemtafuta aliye mwepesi kuliko wote anahitaji habari za wote, na habari hizo zikichelewa kidogo, wagawaji wote humkimbilia yuleyule aliyeonekana mwepesi sekunde iliyopita wakamzamisha. Mwaka 1994 Yossi Azar, Andrei Broder, Anna Karlin na Eli Upfal walionyesha njia ya katikati, na Michael Mitzenmacher akaiendeleza katika tasnifu yake ya mwaka 1996: chagua seva mbili kwa nasibu, zitazame hizo mbili tu, na umpe mwenye foleni fupi. Faida ya kutazama wawili badala ya mmoja ni kubwa kupita matarajio, na ya kuongeza wa tatu ni ndogo. Nilipoisoma hesabu hiyo nikiwa nimekwisha kustaafu, nilikaa nayo siku nzima. Ipo hatari moja, hata hivyo, ambayo hesabu hiyo haiioni. Seva iliyoharibika ikaanza kujibu makosa papo hapo huonekana kuwa nyepesi kuliko zote, foleni yake ni tupu daima, na mgawaji huzidi kuimiminia maombi yanayopotea. Pimeni kazi iliyokamilika vema, pamoja na haraka yake.

Sisi tulivumilia mengi ambayo sitaki nyinyi myavumilie. Tulilala sakafuni kwenye vyumba vya mashine, tukatembea kwa miguu kurudi nyumbani alfajiri kwa kuwa basi halikuwa na mafuta, tukatengeneza kwa mkono vipuri ambavyo havikupatikana. Hakuna ubora katika taabu yenyewe. Ubora ulikuwa katika mazoea tuliyojijengea ndani ya taabu ile, na mazoea hayo yanaweza kuishi bila taabu, kwenye chumba chenye mashine nyingi na umeme wa uhakika, mradi yupo anayeyashika. Vijana niliowaona Arusha ni wepesi wa akili kuliko tulivyokuwa. Walinipigia magoti kunisalimu, wakanipa kiti, kisha wakanibishia hoja zangu kwa adabu mpaka jua likazama, na hicho ndicho mzee anachokitaka.

Ofisi yao sasa inaomba fedha za kununua mashine zaidi. Niliwakumbusha hesabu ya Gene Amdahl ya mwaka 1967: kama asilimia 5 ya kazi yao haiwezi kugawanywa, basi hata wakinunua mashine 1,000 hawataizidi kasi ya mashine moja kwa zaidi ya mara 20. Walikuwa wanaifahamu, ila hawakuwa wamewahi kuipima asilimia hiyo katika kazi yao wenyewe. Wameanza kuipima, na wameanza pia daftari, ambalo wao wanaliweka ndani ya kompyuta na mimi sina neno, lenye saa ya kila mashine kuanza, saa ya kumaliza, muda iliowangoja wenzake, na safu pana ya maelezo. Nimewashauri wasipeleke ombi la fedha mpaka msimu wa masika uishe na daftari liwe na siku za mvua za Machi, Aprili na Mei, kisha waambatanishe kurasa hizo kwenye barua. Wamekubali, na kijana wetu ameahidi kuniletea nakala ya kurasa za Machi niziangalie kabla hazijafika kwa mhasibu.